Kitambaa Cheusi cha Mwadi

Mwadi alikuwa ametandaza nguo tatu juu ya kitanda, na kila aliyoitazama ilimwongezea hasira.

Ya kwanza ilikuwa gauni la bluu, jipya, ambalo binti yake Joyeuse alimshoneshea kwa fundi wa mtaa wa Manika bila kumwuliza. Ya pili ilikuwa vazi jeusi la satini: blauzi, sketi ndefu na kitambaa chake cha kichwa, nguo ambayo mke wa mkubwa yeyote wa Kolwezi angeivaa kwenda kula. Ya tatu ilikuwa ile yenyewe. Kikwembe cheusi kilichopauka mpaka kikawa rangi ya majivu, blauzi iliyoshonwa kwapani mara mbili, na kitambaa cha kichwa alichofungwa siku walipomzika mume wake, Séraphin. Chini ya kitanda zilingoja kandambili.

Alikuwa anakwenda likizo. Tuseme kweli, alikuwa anapelekwa. Katika miaka yake hamsini na sita Mwadi hakuwahi kufunga safari kwa ajili ya kupumzika tu. Alisafiri kwenda kuzika, kwenda kuona mtoto aliyezaliwa, au kwenda kununua samaki. Sasa mkwe wake Stany, mume wa Joyeuse, anayefanya kazi kwenye mitambo ya kusafisha upya mabaki ya shaba kule Kingamyambo, alikuwa amepata likizo yake ya mwaka. Badala ya kwenda kulala kwao Sandoa kama watu wengine, alikodi vyumba viwili kwenye hoteli ya ziwani, Ijumaa hadi Jumapili. Hoteli ilituma masharti kwenye simu. Ndani ya restora, wanaume suruali ndefu. Viatu vya kufunika vidole. Wanawake wavae kwa heshima ya mahali.

Heshima ya mahali. Mwadi alisoma maneno hayo mara mbili, kisha akamtazama mtu aliyekaa kwenye kiti cha pekee cha chumbani, akichungulia kila kinachoingia sandukuni. Huyo alikuwa wifi yake, Ntumba, dada wa marehemu.

"Ile ya bulu, rudisha ku kabati," Ntumba alisema. "Mujane havalaka bulu."

"Najua."

"Na ile ya kungaa?"

"Ni nyeusi, wifi."

"Nyeusi ya mode. Nyeusi ya kilio haingaaka." Ntumba alijikuna mguu mmoja kwa mguu mwingine. "Beba tu. Mi nitakuwa pale, na macho niko nayo."

Macho alikuwa nayo, hilo halina ubishi. Na tumbo pia.

Lazima nieleze desturi ya watu hawa, la sivyo mtasema wanawake wawili wazima waligombania matambara. Ukoo wa Séraphin ulitoka kaskazini ya Katanga, na ulipohamia migodini ulikuja na mila zake zote. Siku ya mazishi, dada wa marehemu humfunga mjane kitambaa cheusi kichwani, fundo likae kisogoni. Kuanzia hapo mjane hauzi kitu, havai rangi, hali peke yake wala hasafiri bila mtu wa ukoo wa mume wa kumchunga. Mwaka ukitimia, dada yule yule hukifungua kitambaa kwa mkono wake mbele ya watu, kikatiwa motoni, na hapo wanasema kilio kimetoka. Mjane akikivua mwenyewe usiku ili alale, hiyo haihesabiki; lakini dada akishakifungua hakifungwi tena. Anayekifunga mara ya pili anaita kifo kingine nyumbani, na kifo kikiitwa huanza na mkubwa.

Mwaka wa Mwadi ulitimia. Ukapita. Miezi ikawa kumi na nne, ikawa kumi na sita, na ule mwezi wa safari ulikuwa wa kumi na tisa. Kalumba, kaka mkubwa wa marehemu na kichwa cha ukoo, hakukosa sababu. Mara mvua, mara mjomba anaumwa, mara hakuna mbuzi. Mwadi alipojitolea kumnunua mbuzi yeye mwenyewe, Kalumba alimkata maneno mbele ya watu waliojaa sebuleni.

"Mbuzi haitoshaka kilio," alisema, maana yake mbuzi hakiondoi. "Pombe haitoshaka kilio. Kilio inatoshwa na mukono ya dada ya marehemu, basi. Siku ile mukono itafungua, itakuwa imetoka, hata bila mbuzi. Lakini bado haijafungua."

Na mkono wa Ntumba haukuwa na haraka, kwa sababu tangu wiki ya mazishi ulikuwa unapima samaki wa Mwadi.

Hapo ndipo penye kidonda. Mwadi alikuwa na kibanda sokoni Manika, pale kwenye pembe ya bomba la maji, mahali ambapo kila mwenye ndoo lazima apite. Alikaa pale miaka ishirini na sita akiuza samaki wakavu wa Bukama. Alipoanza alikuwa na beseni moja na mimba ya Joyeuse. Séraphin alikuwa karani, na mishahara ya makarani tunaijua. Kuna miaka ambayo nyumba ile ilikula kwa samaki tu, na watoto wa Kalumba walikula humo humo. Mwadi aliweza kumwambia mteja ni samaki wa msimu gani kwa kunusa tu, na mteja akanusa naye akakubali. Siku ya tatu baada ya mazishi Ntumba alikuja kumwambia, kwa sauti ya huruma, "Usijali, muke ya kaka yangu, nitakulindia kiti yako ya soko." Akakilinda vizuri sana. Aliweka turubai jipya na jina lake juu yake.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na kwa Mwadi methali hiyo haikuwa na mafumbo. Kilichokuwa kikimla alikivaa kichwani kila asubuhi.

Sasa huyu ndiye aliyekuja likizo kama mlinzi. Alikuja na sanduku kubwa kuliko la wote, na njia nzima ya vumbi mpaka ziwani alilalamika kwamba kiti cha nyuma kinambana, ilhali Mwadi ndiye aliyekuwa amebanwa na sanduku. Stany aliendesha bila kugeuka nyuma. Kijana huyo ana adabu ya zamani: mama mkwe hamtazami usoni, na hali mbele yake. Ndiyo maana hotelini aliomba meza mbili zinazokaribiana, moja ya wanawake, moja ya kwake, naye akakaa mgongo ukiwa umewaelekea.

Jumamosi adhuhuri ndipo walipoingia restora kwa mara ya kwanza. Ijumaa walichelewa wakala mkate chumbani.

Mwadi alivaa satini. Aliamua mwenyewe, asubuhi, bila kumwuliza mtu. Alisema moyoni kwamba nyeusi ni nyeusi, na kwamba hakuna mahali palipoandikwa kwamba mjane lazima anuke moshi. Joyeuse alimfunga kitambaa cha satini, na badala ya kisogoni akaliweka fundo juu ya sikio, likachanua vizuri. Mwadi alijitazama kwenye kioo cha hoteli, ambacho kilikuwa kirefu kuliko mlango wa nyumba yake. Akamwona mwanamke mrefu, mkavu kidogo, mwenye shingo. Alikuwa amesahau kwamba ana shingo.

Mlangoni alisimama mkuu wa wahudumu, kijana nadhifu aitwaye Guelord, jina limeandikwa kifuani. Aliinama. "Mama, karibu sana," akamtangulia Mwadi na kumvutia kiti. Ntumba alifuata nyuma ndani ya gauni la dhahabu lenye vipande vinavyometameta, gauni la kuimbia usiku, saa sita na nusu ya mchana. Mhudumu mwingine akamzuia kwa upole akamwuliza kama yuko na kundi gani.

Ntumba hakulisahau swali hilo. Alikula sahani tatu kwa hasira. Alipiga picha kila kilichowekwa mezani akairusha kwenye simu, watu wa soko waone, na katikati ya picha na picha alimpiga Mwadi jicho. Mwadi hakuona. Alikuwa anakula kipande cha samaki mbichi wa kukaanga na limao, na mama mmoja wa meza ya jirani alikuwa amemwambia kwamba satini yake ni nzuri, akauliza fundi. Tangu amzike mume wake, huyo alikuwa mtu wa kwanza kumwuliza kitu kisichohusu kifo. Mwadi alifurahi. Alicheka hata, kidogo, akifunika mdomo.

Kicheko hicho kilimgharimu. Waliporudi chumbani, Ntumba alifunga mlango kwa kisigino.

"Mwadi, ulizika mutu ao ulitupa mbwa?"

"Chunga maneno yako, wifi."

"Bwana yako iko mu udongo, na we unacheka na bantu ku restaurant. Unatengeneza fundo ku sikio kama mutoto wa miaka makumi mbili. Unatafuta bwana?"

"Nilikuwa natafuta chumvi," Mwadi alisema. "Ilikuwa upande wako."

Joyeuse alicheka, na hapo mambo yakaharibika. Ntumba alimpigia Kalumba simu, akaiweka juu ya kitanda kwa sauti kubwa ili kila mtu asikie hukumu yake. Alieleza satini, fundo, kicheko. Aliongeza mambo ambayo hayakuwepo. Kalumba alisikiliza, akakohoa kikohozi cha mtu mwenye kiti.

"Mwadi, unanisikia?"

"Nakusikia, yaya." Ndivyo wanavyomwita kaka mkubwa.

"Kesho utavala ile sisi tulikufunga. Ile yenyewe, na fundo nyuma. Kama hauvale, tutahesabu mwaka kuanzia mwanzo."

Simu ikakatwa. Mwaka mwingine. Mwadi alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akawaza mwaka mwingine wa kupita nyuma ya soko lake kama mwizi, akisikia Ntumba anavyowadanganya wateja kwamba samaki wa mwaka jana ni wa mwezi huu. Hakulia. Alikuwa na hasira kuliko machozi. Nasema wazi kwamba kama pangekuwa na mchi mle chumbani, ningekuwa nawasimulia habari ya mahakama.

Jumapili asubuhi nguo tatu zilikuwa tena juu ya kitanda. Joyeuse, bila kumwambia mtu, alikuwa amelificha gauni la bluu chini ya nguo zake mwenyewe akalileta.

"Mama, vala ya bulu, tumalize ile maneno," alisema. "Batafanya nini? Batakufunga?"

"Batahesabu mwaka upya. Na kiti yangu itaenda kabisa."

"Basi vala satini."

"Ni mambo ile ile." Mwadi aliligusa gauni la bluu kwa kidole kimoja, akaliacha. "Leta ile ya tatu."

"Mama, watu watasema nini kule mlangoni?"

"Baseme. Banataka kilio, batakiona."

Akavaa yote. Kikwembe cha majivu, blauzi iliyoshonwa kwapani, kandambili. Hakujipaka mafuta miguuni. Ntumba aliingia, tayari amevaa dhahabu yake tangu saa tatu, akamkagua toka chini hadi juu, akaridhika. Kitambaa hakukiridhia. Alimgeuza Mwadi kama anayegeuza gunia, akalivuta fundo la kisogoni kwa nguvu zake zote mpaka masikio ya Mwadi yakaanza kuuma.

"Sasa uko mujane," Ntumba alisema.

Tangu asubuhi hoteli nzima ilinuka mbuzi. Nje ya restora, pembeni mwa mlango, wapishi walikuwa wamewasha moto na kumpitisha mbuzi mzima kwenye chuma, wakimzungusha na kumpaka mafuta na pilipili. Ntumba alikuwa ameshuka mara mbili kwenda kumwangalia. Alimwuliza mpishi paja la kulia litakatwa saa ngapi, akalipiga picha, akawaandikia watu wa soko kwamba leo atawaonyesha. Mama yule aliyesifia satini jana alikuwa mke wa mtu mkubwa wa magari ya mchanga wa shaba, na Ntumba alishamwahidi kukaa naye. Siku yake yote ilikuwa imepangwa kuzunguka ule mlango.

Walipofika, palikuwa na watu wamesimama wakisubiri kupangiwa meza, wamependeza, wanaume wa mashati meupe, wanawake wa manukato. Guelord alimwona Mwadi. Alimtazama kuanzia kandambili, akapanda polepole, na alipofika kichwani akaacha kutabasamu.

"Mama, excusez." Alishusha sauti. "Viatu haiko problème, tuko nabyo vya kukopesha. Shali kubwa iko, itafunika blauzi na kikwembe. Lakini ile kitambaa... Leo tuko na bantu ya fiançailles, ya kuposa binti, mu salle. Baba ya binti alishaniomba: alama ya kilio isiingie. Na fundo ya nyuma, kila mutu anaijua."

"Ni ya kilio, ndiyo," Mwadi alisema, bila kushusha sauti hata kidogo. "Bwana yangu alikufa."

Watu wakageuka. Mmoja wao alisogea kando, kama anayeogopa kuambukizwa.

"Pole sana, mama. Tutakuwekea meza ku paillote, kule ma chauffeurs banakulaka. Iko bukari na sombe, muzuri kabisa." Yaani ugali na kisamvu.

"Nitaenda," Mwadi alisema.

Ntumba alifurahi. Alikuwa na meno ya mbele yaliyoachana na yote yalionekana. "Basi enda, Mwadi. Sisi tutaingia. Nitakubakishia mufupa."

Ndipo Joyeuse alipomwambia shangazi yake, kwa adabu ya hali ya juu, "Tantine, we ulikuya huku kufanya nini?"

"Namna gani, kufanya nini?"

"Ulikuya kuchunga mujane. Mujane hakulaka peke yake, njo vile muliniambia. Sasa mujane anaenda kula ku paillote." Joyeuse alimwelekezea mkono kule kwenye kibanda cha nyasi, ambako madereva watatu walikuwa wakinawa kwenye beseni moja. "Mufuate, tantine. Nikimuambia tata mukubwa Kalumba kama ulimuacha, atasema nini?"

Meno ya Ntumba yakafichwa. Alitazama kibanda cha nyasi. Alitazama mlango. Wakati huo huo mpishi alimwinua mbuzi kutoka motoni, akamlaza juu ya meza ndefu iliyokuwa ndani, hatua nne tu kutoka pale, akashika kisu. Mke wa mtu wa magari alimpungia Ntumba mkono kutoka mezani kwake. Na mpishi akaanza na paja la kulia.

"Muzee," Ntumba alimwambia Guelord, ambaye angeweza kuwa mwanawe, "ni kitambaa tu?"

"Kitambaa tu, mama."

"Mambo ya kitambaa tu, na banatusimamisha hapa sawa bakimbizi," Ntumba alisema. Akaweka simu kwenye mkoba, akageuka, akainua mikono yote miwili.

Mwadi aliiona ikija, na bangili zake. Angeweza kurudi nyuma hatua moja. Angeweza kusema: wifi, angalia unachofanya. Mtu mwema angesema. Mwadi alikuwa amekuwa mtu mwema kwa miezi kumi na tisa, na wema huo ulikuwa umemletea kandambili. Aliinamisha kichwa kidogo, jinsi mtu mrefu anavyomsaidia mfupi.

Fundo lilikuwa limekaza. Ntumba mwenyewe ndiye aliyelikaza asubuhi, kwa hiyo ilimbidi atumie kucha, avute huku, asukume kule, akilaani chini chini. Lilipofunguka alikivuta kitambaa kwa pupa. Upepo wa ziwani ulipita kwenye nywele za Mwadi. Siku ya mazishi zilikuwa nyeusi. Sasa nusu yake ilikuwa nyeupe.

"Twende sasa," Ntumba alisema. "Nyama inaisha."

Hakuna aliyetembea. Joyeuse alikuwa ameshika mdomo. Stany, ambaye katika miaka sita ya ndoa hakuwahi kumtazama mama mkwe wake usoni, alikuwa anamtazama.

"Wifi," Mwadi alisema polepole, "mukono yako imeshika nini?"

Ntumba alitazama mkono wake. Kitambaa kilikuwa kimening'inia hapo, cheusi, chenye alama ya jasho. Alikitazama kwa muda ambao mtu hutumia kusoma barua fupi yenye habari mbaya. Kisha akajaribu kumrudishia kichwani, haraka haraka, na Mwadi akaukamata mkono huo hewani. Ulikuwa mkono wa kubeba mabeseni kwa miaka ishirini na sita, na haukumwumiza mtu, lakini haukusogea.

"Funga," Mwadi alisema. "Kama unataka kuita kifo ingine mu nyumba yenu, funga. Lakini uliza kwanza mukubwa ya nyumba."

Joyeuse alikuwa ameshapiga. Aliiweka simu kwa sauti kubwa, jinsi alivyofundishwa jana, akaishika katikati yao. Wale waliokuwa wanasubiri meza walikuwa wameacha kusubiri meza.

"Tata mukubwa," Joyeuse alisema, "kitambaa ya mama imefunguliwa."

"Nani aliifungua?" Sauti ya Kalumba ilipanda. "Mwadi mwenyewe?"

"Hapana. Tantine Ntumba. Na mukono yake. Mbele ya bantu mingi. Na sasa anataka kuifunga tena."

Mbuzi alisikika akikatwa.

"Ntumba," Kalumba alisema, "ni kweli?"

"Yaya, niliitosha kidogo tu. Juu ya kuingia ku restaurant."

"Kidogo ni nini? Kilio inatokaka kidogo?" Kalumba alianza kukohoa, na safari hii hakikuwa kikohozi cha kiti. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, shinikizo la damu, na alijua vizuri kuliko mtu yeyote kifo kingeanza na nani. "Usiifunge. Unanisikia? Usiifunge, mupumbavu wewe. Choma."

"Yaya, na soko..."

"Choma. Mwadi, uko pale?"

"Niko, yaya. Wewe mwenyewe ulisema mbele ya bantu. Mbuzi haitoshaka kilio."

"Nilisema," Kalumba alijibu, na kila mtu alisikia jinsi neno hilo lilivyomkera. "Imetoka." Akakata simu.

Maji yakimwagika hayazoleki. Moto wa mbuzi ulikuwa bado pale pembeni mwa mlango, makaa mekundu, mafuta yakidondoka kwenye chuma kitupu. Ntumba alisimama na kitambaa mkononi, dhahabu yake ikimeta juani, na hapakuwa na mtu wa kumtazama ili amwonee huruma. Alikitupa. Kilitoa moshi kidogo wenye harufu ya nywele, kikakunjamana, kikaisha. Mwadi alingoja mpaka kikaisha kabisa. Alitamka jina la mume wake mara moja, polepole, kwa sababu huyo hakuwa na kosa na alikuwa mume mzuri. Kisha akamgeukia Guelord.

"Baba, unaweza kunichungia meza? Dakika kumi."

"Hata saa moja, mama," Guelord alisema.

Ntumba hakusubiri. Mtu asiyejua aibu haachi nyama kwa sababu ya aibu. Aliingia, akajipakulia, na lile paja la kulia alilipata. Lakini mke wa mtu wa magari, aliyeona yote kupitia kioo, alikuwa ameweka mkoba wake juu ya kiti kitupu, na Ntumba akalazimika kwenda kukaa kwenye meza ya ukoo, peke yake, sahani ikiwa imejaa mbele yake.

Mwadi alirudi na gauni la bluu. Lilikuwa limembana kidogo mabegani, fundi wa Manika hakumpima. Kichwa alikiacha wazi, na nywele zake nusu nyeupe. Alivaa viatu vya Joyeuse, vidole vikiwa vimefichwa kama masharti yalivyotaka. Guelord aliufungua mlango kwa upana wake wote. Stany, kwenye meza yake ya pembeni, alikuwa amesharudisha mgongo mahali pake.

Mwadi alikaa mbele ya Ntumba, akatandaza kitambaa cha mezani, cheupe, juu ya mapaja yake.

"Kesho saa kumi na mbili ya asubuhi nitakuwa ku kiti yangu, pale ku bomba," alisema. "Turubai yako utaikunja leo. Tutafika Kolwezi mbele ya jioni, utakuwa na wakati."

Ntumba alikuwa na nyama mdomoni na haikuwa inashuka.

"Kula, wifi," Mwadi alisema. "Itapoa."